Msalaba Wenye Jina la Aliye Hai

Jembe lilikuwa bado mikononi mwa Mama Mburu tulipoachana wiki jana, na tangu siku hiyo mmenisumbua mpaka kwa kinyozi mkitaka kujua kama alimpiga nalo mkaza mwana wake. Hakumpiga. Nadhani Wangechi angependelea kupigwa.

Alikuwa amepiga magoti kwenye pembe ya shamba la Ngoliba, chini ya mti wa mukau, akishindilia udongo kuzunguka msalaba mdogo wa mbao aliotoka nao Thika. Msalaba alikuwa ameupaka rangi nyeupe yeye mwenyewe, na katikati akaandika neno moja kwa rangi nyeusi: WAMBOI.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, jua hivi. Wangechi alijifungua mtoto wa kike, kifungua mimba wake, na mtoto akatoka bila kulia. Akiwa bado kitandani hospitalini, mumewe Mburu alimwambia kwamba ameshamzika Ngoliba kwao, chini ya mukau, karibu na kaburi la babake. Na kwao msichana wa kwanza hatafutiwi jina. Anapewa la mama mzazi wa baba, hata kabla hajazaliwa watu wanalijua. Kwa hiyo Wangechi aliandika jina la mtoto wake. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Lakini Wamboi mwenyewe, yule mkubwa, alikuwa amesimama nyuma yake akilisoma.

"Wangechi," alisema polepole, "mnanizika na bado ninakula?"

Wangechi aliinuka akijipangusa magoti. Alieleza kwamba si yeye, ni mtoto, kwamba alitaka tu mtoto awe na mahali panapoonekana. Mama mkwe hakutaka kusikia. Alisema tangu azaliwe hajaona jina la mtu anayepumua likipigwa msumari juu ya kaburi, na kwamba mwenye kufanya hivyo anamharakisha mwenzake. Aliung'oa msalaba kwa mkono mmoja na kuutupa kwenye ua wa minyaa.

Wangechi akasema sawa, aufiche huko, lakini kaburi lenyewe liachwe.

"Kaburi gani?"

"La mtoto, Maitu," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Hili hapa."

 Mama Mburu akainua lile jembe na kulipiga pale pale Wangechi alipokuwa amepiga magoti. Jembe likaruka. Akapiga tena. Chini kulikuwa kugumu, mawe na udongo ulioshikana, na ulikuwa haujafunguliwa na mtu hata siku moja.

"Hii pembe hakuna mtu amewahi kuchimba," alisema. "Na mimi sijatoka hapa tangu Krismasi. Mburu aliniambia hospitali ndio ilishughulika. Nilimuuliza mara mbili."

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamume mmoja, mtoto mmoja, hadithi mbili. Mkewe aliambiwa mtoto yuko Ngoliba. Mamake aliambiwa mtoto alibaki hospitalini. Ukisikia mtu amewapa wanawake wawili majibu mawili, ujue la tatu amelificha mahali.

Wangechi alimpigia simu palepale. Mburu alishika, na nyuma yake kulisikika mashine ya kukata vyuma ikilia, kwa sababu yeye ni fundi wa mageti kule Ruiru. Alisema yuko kazini, wataongea jioni.

"Mtoto wangu ako wapi, Mburu?"

Mashine iliendelea kulia.  Halafu simu ikakatwa, na alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Hebu niseme kitu ambacho kimekuwa kikinikera tangu hadithi hii ianze. Watu waliokuja kumwona Wangechi baada ya msiba walikuwa wengi, na karibu kila mmoja alikuja na neno la kumziba mdomo. Wanawake wa kanisa walileta uji na maharagwe ya njahi, wakamwambia ashukuru kwa kuwa yeye alipona. Shangazi yake Rachael alimwambia bado ni mdogo, atapata mwingine, kana kwamba aliyepotea ni sufuria. Mchungaji alimwambia ajikaze kwa ajili ya mumewe. Akilia, mtu huwasha redio. Akinyamaza, wanasema amepona. Hakuna aliyemuuliza mtoto alikuwa amefanana na nani, na yeye alikuwa na jibu tayari: alikuwa na kipaji cha uso cha Mburu, kile kile kipana.

Mtu pekee aliyefanya tofauti alikuwa Nelima, jirani yake wa mlango wa pili kule Makongeni, Thika, mke wa Dalmas anayefanya kazi na Mburu. Nelima alikuja mikono mitupu, akaketi sakafuni, akalia. Hakumwambia lolote. Mwaka uliotangulia Nelima mwenyewe alifiwa na mwanawe mchanga, na watu wa kwao walijaza nyumba wakaimba na kulia mpaka majirani wakafunga madirisha. Wangechi alikuwa mmoja wa waliofunga. Sasa alikuwa akitamani mtu amletee makelele kama yale, na aliona haya kuomba.

Kwa hiyo simu ya pili Wangechi aliipiga kwa Nelima. Simu iliita, ikaita, haikushikwa. Jambo hilo lilimshangaza kidogo, maana Nelima hushika simu hata akiwa anaoga. Lakini alikuwa na mengine kichwani, akaliacha.

Alimwacha Mama Mburu ameegemea jembe lake, bila hata kuagana vizuri, akashika njia ya Ruiru.

Kwenye karakana alikuta geti limechomelewa nusu, na kofia ya kuchomelea ya Mburu imetupwa chini. Mwenyewe hayupo. Dalmas ndiye aliyekuwa pale, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipomwona alisimama haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Shem, kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha. Tangu nitoke hospitali naambiwa nikae. Mburu ameenda wapi?"

Dalmas alianza kusema mambo ya vyuma vilivyopaswa kuletwa. Alikuwa hajui kudanganya, maskini, na Wangechi hakuwa na subira ya kumsaidia. Alimwambia kwamba anajua. Anajua kuhusu jioni zote zile Mburu alizokuwa akifika nyumbani gizani, viatu vimejaa udongo mwekundu ambao si wa Makongeni wala si wa Ruiru. Anajua kuhusu Theta, kule kwenye udongo huo mwekundu. Kuna mwanamke huko, na siku Wangechi alipojifungua, huenda Mburu alikuwa kwake, na mtoto akaachwa aokotwe na wafagiaji wa hospitali. Alilisema lote hilo kwa sauti, na mafundi wa karakana ya pili wakaacha kupiga nyundo.

Na nyinyi wasomaji wangu pia mlikuwa mmeshamhukumu. Nimezisoma jumbe zenu kuhusu huyo mwanamke wa Theta. Mmoja wenu alitaka nimpe Mburu ugonjwa.

Dalmas alivua glavu zake moja moja.

"Hakuna mwanamke, Shem," alisema. "Ni mtoto."

Wangechi sasa alikaa.

Dalmas alimweleza vile mambo yalivyokuwa. Siku ile Mburu alitoka hospitalini na kisanduku cha mbao, kimefungwa kwa shali, akampigia Dalmas simu amsindikize Ngoliba. Walifika Thika mjini, Mburu akasimama. Alisema hawezi. Alisema mamake atauliza jina, na jina ni lake, na hatampelekea mama yake mzazi kaburi lenye jina lake amwekee mlangoni. Alisema wajomba nao watauliza kwa nini anazika kitu ambacho hakikupumua, na yeye hana nguvu ya kubishana na wajomba. Basi waligeuza. Walienda kwenye ploti ya Theta, ile ambayo Mburu na Wangechi waliinunua wakitaka kujenga siku moja, na Dalmas akachimba kwenye kona ya mbele.

"Nikamwambia tuimbe hata wimbo mmoja," Dalmas alisema. "Mtu hatupwi kimya kimya. Akaniambia, chimba tu. Akakaa hapo mpaka giza. Na kila siku akitoka kazi anapitia hapo."

"Na wewe ulikuwa unaniangalia tu. Ukija kwangu kunywa chai."

"Aliniambia nikisema, tusijuane tena."

"Sasa mbona unasema?"

Dalmas aliangalia lile geti la nusu. Hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa akiikwepa. Alisema Mburu ameuza ile ploti. Aliyeinunua alikuwa aanze kuchimba msingi wiki ijayo, na Mburu alikuwa amepanga kumwondoa mtoto Jumapili, kabla ya mashine kufika. Lakini muda mfupi baada ya simu ya Wangechi, mtu mmoja wa Theta alimpigia Mburu kumwambia kwamba tingatinga limefika leo. Liko kwenye ploti sasa hivi.

Sitawapotezea muda na safari. Walipanda boda wote wawili, Dalmas na Wangechi, na dereva aliambiwa asiangalie mashimo.

Ua wa seng'enge ulikuwa umekunjwa kando. Tingatinga la manjano lilikuwa limefungua mtaro upande wa nyuma wa ploti na sasa lilikuwa limesimama katikati, injini ikinguruma, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mwanamume amepiga magoti kwenye kona anachimba kwa mikono. Dereva wa tingatinga alikuwa amechoka kumfokea. Mburu hakugeuka hata Wangechi alipomfikia.

"Umeuza," Wangechi alisema.

"Singeweza kujenga hapa." Alikuwa bado anachimba. "Nimeleta mawe mara ngapi, nikayarudisha. Ningekujengea jiko juu yake?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie?" Hapo ndipo aligeuka, na uso wake ulikuwa umejaa udongo mpaka kwenye nyusi. "Kila mtu aliniambia nisikukumbushe. Daktari, shangazi yako, wamama wa kanisa. Pasta alinishika mkono hivi akaniambia, Mburu, mwanamke akikumbushwa ataharibika akili, wewe kuwa mwanaume. Nikawa mwanaume."

"Na wewe walikuuliza uko aje?"

Mburu alifikiri. Alikuwa kama mtu anayetafuta mfukoni kitu anachojua hakimo.

"Waliniuliza wewe uko aje," alisema.

Ningependa kuwaambia kwamba Wangechi alimhurumia. Hakumhurumia, si wakati ule. Alimpiga kwa mkoba begani, kisha tena, akimwita mwongo, akimuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumzika mtoto wake mara mbili, mara ya kwanza ardhini na mara ya pili mdomoni. Kisha mkoba ukamdondoka na sauti ikamtoka, ile aliyokuwa akiimeza tangu hospitalini mbele ya uji na njahi na mikono ya wachungaji. Alilia kama Nelima alivyolia mwaka jana, kinywa wazi, mikono kichwani. Watu walitoka kwenye nyumba mpya za jirani. Dereva wa tingatinga akazima injini, akavua kofia yake.

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Dalmas alisimama pembeni akilia naye bila aibu. Mburu alibaki pale chini, kifua kikipanda na kushuka, akijaribu na yeye, lakini kwake kulikuwa kumefungwa muda mrefu na hakukufunguka. Alirudi kuchimba.

Ndipo aliposema neno ambalo Wangechi hakulisikia vizuri mara ya kwanza.

"Hakiko."

"Nini?"

"Kisanduku. Hakiko hapa."

Wangechi alijifuta macho akasogea. Lilikuwa shimo kweli, lakini mikono ya Mburu ilikuwa imetoa udongo laini tu, mwepesi, uliokwisha kufunguliwa na kurudishwa. Kuta za shimo zilikuwa zimenyooka, kazi ya jembe, wala si kucha. Chini kabisa kulikuwa na alama ya kitu cha pembe nne kilichokaa hapo, na kipande cha uzi wa shali.

Mburu alimgeukia dereva kwa hasira, akamuuliza amekipeleka wapi. Dereva, kijana wa Juja anayeitwa Mwas, aliapa kwamba mashine yake haijagusa kona hiyo. Halafu akakuna shingo. Alisema labda ni yule mama wa asubuhi.

"Mama gani?"

Mwas alisema alipofika alimkuta mwanamke mmoja hapo kwenye kona na jembe, akimwomba asiwashe mashine mpaka amalize. Alisema amekuja kuchukua kitu cha watu kabla hakijaharibiwa. Mwas alifikiri ni miche ya maua, watu hurudi kung'oa maua yao wakiuza ploti. Lakini alitoa kisanduku. Alikipangusa, akakiweka mgongoni, akakifunga kwa leso.

"Vile mtu hubeba mtoto," Mwas alisema. "Akaenda akiimba. Lugha siijui, lakini alikuwa anaimba vizuri."

Kwa Mburu na Wangechi hilo halikuwa na maana yoyote kwa muda. Waliojua kaburi ni wawili, na wote wawili walikuwa wamesimama hapo. Halafu Wangechi alimwona Dalmas. Alikuwa ameshika kichwa.

"Dalmas," alisema Wangechi. "Nelima hachukui simu tangu asubuhi."

Dalmas alikiri. Alikuwa amemwambia mkewe jana, baada ya kusikia ploti imeuzwa, kwa sababu jambo lilikuwa limemzidi kifuani.  Nelima aliuliza tu kama mtoto aliimbiwa, na Dalmas akamjibu hapana. Asubuhi aliondoka mapema na begi lile ambalo huwa anasafiri nalo. Alimwambia mumewe asimsubiri na chakula. Na tangu azike mwanawe, Dalmas alisema huku akitazama chini, Nelima amekuwa akiamka na kutandika kitanda kidogo ambacho hakina mtu. Hajawahi kumwambia yeyote. Kila mtu alimwona ndiye aliyepona vizuri kuliko wote, kwa kuwa alilia.

Wakati huo simu ya Wangechi ikalia mkobani, chini kwenye udongo. Aliichukua kwa pupa akidhani ni Nelima.

Alikuwa Mama Mburu.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kufanya kazi ngumu. Hakusalimia. Aliuliza kama Mburu ameonekana, Wangechi akasema ndiyo, yuko hapa. Aliuliza kama amesema mtoto yuko wapi, Wangechi akasema amesema. Kwenye simu Wangechi alisikia kuku wa Ngoliba.

"Na mimi nilikuwa na mmoja," alisema mama mkwe. "Kabla ya Mburu. Walimtoa na mlango wa nyuma, sikuambiwa walimpeleka wapi. Sikuuliza. Nikaambiwa nishukuru." Alivuta pumzi. "Nimechimba, Wangechi. Hapo kando ya mzee wangu, chini ni pazuri. Ule msalaba nimeutoa kwa ua, nimeuosha. Jina iko sawa, wacha alale nayo. Mniletee yeye leo, jua likiwa bado."

 Mbele ya Wangechi kulikuwa na shimo lenye alama ya pembe nne. Mburu alikuwa akimwangalia, na Dalmas alikuwa akipiga namba ya Nelima mara ya kumi bila kujibiwa. Kutwa nzima, kutoka Ngoliba mpaka Theta, alikuwa amemwita mumewe mwongo kwa kila jina alilolijua.

"Mko naye?" aliuliza mama mkwe.

"Tuko naye, Maitu," Wangechi alisema. "Tunakuja."

Neno hilo lilimtoka bila kulitafuta, laini, kwa upendo, na Mburu aliyelisikia akainamisha uso. Kule Ngoliba mama mzee alisema ahsante, akakata simu, akarudi kulipanua shimo kidogo.